Kazi yako ya kwanza ujanani ilikuachia tabia gani ambayo mpaka leo hujaiacha?

Spana Mkononi (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Mada za kazi ya kwanza karibu zote huishia kwenye mshahara: nililipwa nini, nikanunua nini, mama nikampelekea nini. Hayo tumeyasikia. Leo tuulizane jambo jingine. Ile kazi ya mwanzo kabisa uliyoifanya ukiwa kijana, iwe kibarua cha likizo, iwe uanagenzi, iwe ajira yenye barua na mhuri, ilikuachia kitu gani mwilini ambacho bado unakifanya hata kama uliiacha zamani?

Naanza mimi. Nilianzia gereji, na kazi niliyopewa haikuwa kutengeneza gari. Ilikuwa kushika tochi. Msicheke. Fundi kaingia chini ya injini, mikono yote miwili imebanwa, na mwanga unatakiwa uwe pale anapotazama yeye, si pale unapotazama wewe. Akihamisha macho unahama naye bila kuambiwa. Kwa hiyo unajifunza kusoma kichwa cha mtu. Ukikaa naye muda wa kutosha unajua anachotaka kabla hajakitaja: anafungua mdomo kuomba soketi ya kumi, na wewe umeshamnyooshea. Hapo ndipo wanaacha kukuita "we dogo" na kuanza kukuita kwa jina.

Nilichobaki nacho: sikazi nati ya aina yoyote bila kuianza kwa vidole. Spana haiguswi mpaka nati imezunguka mara kadhaa kwa mkono. Ikigoma hailazimishwi, inatolewa, inafutwa, inaanzwa upya, kwa sababu nati iliyoingia upande ukiipelekea spana inakula meno ya bolti, na hapo kazi ya dakika tano imekuwa kazi ya mchana kutwa. Nati za tairi nakaza moja, navuka upande wa pili, sizifuati kwa mzunguko, ili ringi ikae sawa. Hata kifuniko cha chupa ya maji nakirudisha nyuma kwanza mpaka nikisikie kimedondokea kwenye njia yake, ndipo nakifunga. Mke wangu alishaacha kuuliza.

Haya, semeni kazi na semeni tabia. Mishahara tuiache.

Zege Halilali

Mkuu, mimi jina langu linajieleza. Saidia fundi. Kuchekecha mchanga, kubeba maji, kubeba karai, kupanda na kushuka.

Wanaosikia "zege halilali" mitaani hudhani ni utani wa walevi. Kwenye ujenzi ni amri. Maji yakishagusa saruji hakuna kusema tupumzike kidogo. Zege linaanza kushika ndani ya saa moja au mbili hivi, na jua likiwa kali linawahi zaidi. Ukichanganya halafu ndiyo unakumbuka kwamba mbao za kingo hazijapigiliwa, umeshamtia tajiri hasara. Kwa hiyo fundi wetu alikuwa na utaratibu mmoja: kabla ya tone la maji, kila kitu kiwepo. Nondo zimefungwa, mbao zimekazwa, koleo zipo, watu wote wapo, aliyekwenda msalani amerudi.

Nina kazi ya ofisini sasa, miaka mingi tu. Lakini siwezi kufungua faili la ripoti mpaka kila karatasi ninayoihitaji iko mezani. Wenzangu wanaandika, wanasimama, wanatafuta, wanarudi. Mimi nikianza sisimami.

Jambo la pili ni ugonjwa kabisa. Nikipita penye ujenzi nikaona jamvi, yaani sakafu ya zege, lililomwagwa jana limekauka, jeupe, linapigwa jua, siwezi kunyamaza. Zege halikauki likawa gumu, wakuu. Linakuwa gumu kwa kunywa maji. Linatakiwa kumwagiliwa au kufunikwa na kitu chenye unyevu kwa wiki nzima walau, na nguvu yake hupimwa siku ya 28. Nimeshafukuzwa na walinzi wa majengo nisiyoyajua nikiwafundisha watu nisiowajua.

Glasi Kwanza

Kuosha vyombo hotelini. Glasi kwanza, halafu vijiko na uma, halafu sahani, masufuria mwisho. Mtu akianza na sufuria lenye mafuta kwenye maji masafi natoka jikoni. Sina la kuongeza.

Mama Bobini

@Glasi Kwanza umenifurahisha, kwangu wanangu wanaanza na chochote kilicho juu.

Mimi ni cherehani. Nilipelekwa kwa fundi wakati wa likizo ili nisikae bure nyumbani, na mguu wangu haukugusa pedali kwa kipindi kirefu sana. Nilipewa sumaku. Kila jioni napita sakafuni kuokota pini na sindano, maana sindano moja iliyosahaulika ndani ya pindo la nguo ya mteja inavunja jina la fundi. Nikahamishiwa kwenye pasi. Baada ya pasi, kupiga bandi kwa mkono, ile mishono mirefu ya muda inayoshikilia kitambaa kabla ya mashine. Nilikuwa nashona bandi safi kabisa, yeye anapitisha mashine, halafu naambiwa niifumue. Kazi yangu yote ilikuwa ya kufumuliwa, na kwa umri ule iliniuma.

Sasa tabia. Nikiingia duka la nguo, siangalii mbele. Naigeuza nguo ndani nje hapo hapo. Natazama nafasi iliyoachwa kwenye mshono, kama inatosha kuongezewa ukinenepa. Natazama kama mistari ya kitambaa imekutana ubavuni au kila mmoja umekwenda njia yake. Nagusa pindo. Nikimaliza ndipo naigeuza kuona kama ni nzuri. Wauzaji hawanipendi, na nguo nyingi za bei mbaya ukizigeuza ni aibu tupu.

Naomba kuuliza wengine: mlifundishwa kwa kuambiwa? Maana mimi fundi yule hakunieleza neno. Kola nilijifunza kwa kuangalia mikono yake kwenye kioo cha kupimia nguo, kwa sababu akijua unamtazama anageuka.

Spana Mkononi (mleta mada)

Mama Bobini, kuiba kwa macho ndiko kulikokuwa kusoma kwenyewe. Fundi anayeeleza niliona mmoja tu, na yeye alikuwa anaeleza yasiyohusiana.

Droo Wazi

Keshia hapa.

Noti ya mteja haiingii kwenye droo mpaka chenji imefika mkononi mwake. Inakaa juu ya droo, inaonekana na sisi wote wawili. Ukiitupa ndani tu, anasema alikupa kubwa kuliko hiyo, na huna ushahidi, na upungufu unakatwa kwako. Na chenji haihesabiwi kwa kutoa, inahesabiwa kwa kupanda: unaanza na bei ya kitu, unaongeza sarafu mpaka ufike kwenye kiasi alichokupa. Kichwa hakichoki hata foleni ikiwa ndefu.

Kwenye pochi yangu noti zote zinatazama upande mmoja na zimepangwa kwa ukubwa. Mtu akinipa pesa zilizokunjwakunjwa nazinyoosha mbele yake kabla sijajibu salamu. Najua si adabu.

Kuna na hili ambalo halisemwi sana: kusimama. Watu hudhani keshia kazi yake ni vidole, kumbe ni miguu. Nilijifunza kuhamisha uzito, mguu huu, mguu ule, na kuweka mmoja juu ya kitu kilichoinuka kidogo. Hata leo kwenye foleni ya benki nasimama hivyo, na nikimwona mwingine anayesimama vile namjua.

Kitufe cha Kimya

Mimi nimetoka kizazi cha karibuni kidogo, msinicheke. Kazi ya kwanza ilikuwa kituo cha kupokea simu za wateja. Vifaa vya kusikilizia kichwani, maandishi ya kusoma kwenye skrini, na saa inayopima umetumia dakika ngapi kwa kila mtu.

Tabia ya kwanza: kabla ya kupumua kwa nguvu, kidole kinatafuta kitufe cha kuzima sauti. Hata nikiwa naongea na mtu ana kwa ana. Kidole kinatikisika hewani.

Tabia ya pili: mtu akifoka, mimi nashusha sauti, halafu namrudishia maneno yake. "Kwa hiyo nikikuelewa vizuri, tatizo lako ni kwamba sikukupigia nilipofika." Mume wangu anasema heri ningemjibu matusi.

Tabia ya tatu, juzi nimemaliza kuongea na mama yangu mzazi, nikamwambia, "Asante kwa kupiga, je, kuna lingine naweza kukusaidia?" Akakaa kimya. Akasema, "Ndiyo, nipe mwanangu."

Mama Bobini

😂😂 Mumeo apewe nishani, na mama apewe mbili.

Tarishi Mstaafu

Nawasalimu nyote. Nimesoma toka juu na nimefurahi kuona vijana wanazungumzia kazi bila kuzidharau.

Mimi nilianza kama tarishi wa ofisi, enzi za taipureta. Barua zilichapwa na karatasi za kaboni katikati, nakala moja ya mpelekewa, moja ya jalada, nyingine kwa wakubwa. Mimi nilizibeba. Nilikuwa na kitabu cha kupelekea barua: tarehe, namba ya barua, inakokwenda, na mahali pa saini ya aliyepokea. Bwana mkubwa aliyeniajiri alinipa maelekezo mafupi kabisa, kwamba barua isiyo na saini haijafika, hata kama umeiona kwa macho yako ikiwekwa mezani.

Hadi leo sikabidhi kitu bila saini. Wajukuu wakiazima kitabu changu wanaandika kwenye daftari lililopo kando ya rafu. Wanaona ni mchezo wa babu, lakini vitabu vyangu vyote vipo.

La pili ni zito kidogo kulieleza. Tarishi haonekani. Unaingia chumbani, wakubwa wanaendelea na mazungumzo yao, kwa sababu aliyeingia si mtu, ni barua. Nilijua nani atapandishwa cheo na nani atahamishwa kabla wenyewe hawajajua. Nilikuwa napishana nao kwenye korido, wananiuliza habari za nyumbani, nami nawajibu nzuri. Kijana wa umri ule kubeba mambo hayo na kufunga mdomo, si kazi ndogo. Nilijifunza kuwa na uso usiosema kitu, na uso huo haukuniondoka. Marehemu mke wangu alikuwa akilalamika kwamba hajui nimefurahi au nimekasirika mpaka nile.

Na mlango: nabisha, nasubiri, siingii mpaka niliyemfuata ainue uso. Hata kwa wanangu mwenyewe.

Zege Halilali

Shikamoo mzee. Hiyo ya daftari kando ya rafu naianza leo.

Tarishi Mstaafu

Marahaba. Kalamu uifunge kwa kamba, la sivyo itakuwa ya kwanza kuazimwa.

Mlango Mwekundu

Mzee Tarishi, shikamoo. Mimi pia nabisha kila mlango, ila sababu yangu ni tofauti: chumba cha giza.

Nilikuwa msaidizi studio ya picha, za nyeusi na nyeupe. Filamu unaifungua gizani kabisa, huoni hata kidole chako, unaizungusha kwenye gurudumu lake kwa kupapasa. Kwenye karatasi ndipo unaruhusiwa taa nyekundu, kwa sababu karatasi ile haisikii wekundu, inasikia mwanga wa buluu na wa kijani. Trei tatu mezani. Ya kwanza dawa ya kutoa picha, ya pili ya kuizuia isiendelee, ina harufu kali ya siki, ya tatu ya kuikaza ili mwanga wa nje usiiharibu. Kisha maji mengi. Mtu mmoja akifungua mlango kwa pupa, kazi ya asubuhi nzima imekuwa nyeusi.

Kwa hiyo nabisha, nahesabu, nafungua polepole. Hata friji.

Na nahesabu sekunde kichwani bila kujua kwamba nahesabu. Karatasi ikiwa kwenye dawa ya kwanza huna nafasi ya kutazama saa, unatazama picha, lakini kichwa kinaendelea na hesabu chenyewe. Naweza kukuambia chai imekaa kwenye moto kwa muda gani nikiwa chumba kingine.

Siku ya kwanza kuona uso wa mtu unatokea kwenye karatasi tupu nilidhani nitaizoea baada ya wiki. Wapi.

Mlinzi wa Zamu

Lindo la usiku, nikiwa nimemaliza shule na sina pa kwenda.

Wote mnajua usiku ni mrefu, lakini hamjui una kona. Kona yake ni kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri. Hapo joto la mwili liko chini kabisa na usingizi unakuja hata kama ulilala mchana kutwa. Mwenzangu mzee alinifundisha: saa tisa usikae. Ukikaa umeisha. Tembea, gusa kila kufuli kwa mkono, usilitazame tu kwa macho, kwa sababu jicho lenye usingizi huona kufuli limefungwa hata kama halipo.

Nyumbani kwangu napita kugusa kila komeo kabla ya kulala. Kugusa. Na saa tisa usiku huwa naamka, hata likizo.

Nyongeza kwa wanaopenda historia: Nelson Mandela alipofika Johannesburg mwaka 1941, kazi yake ya mwanzo ilikuwa mlinzi wa usiku kwenye mgodi wa Crown Mines. Hakukaa, ilijulikana ametoroka kwao akaondolewa. Sisi walinzi tunamhesabu hata hivyo.

Kalamu ya Risasi

Kwa mtindo huo tusimwache Michael Faraday, yule mwanasayansi wa umeme. Mwaka 1805, akiwa na miaka 14, aliwekwa uanagenzi kwa mfunga vitabu mmoja jijini London, miaka saba. Akawa anasoma vitabu anavyovifunga, na tajiri wake hakumzuia. Kwa njia hiyo akakutana na habari za umeme. Mwaka 1812 akahudhuria mihadhara ya mkemia Humphry Davy, akaandika maelezo, akayafunga kitabu kwa mikono yake mwenyewe kwa ufundi ule ule wa kazi yake, akampelekea Davy. Mwaka uliofuata akapata nafasi kwenye maabara ya Royal Institution, taasisi ya sayansi ya huko huko London.

Ninachokipenda hapo ni kwamba aliingia kwenye sayansi akiwa na gundi na uzi. Kazi ya kwanza ilimpa funguo, na hakuna aliyekuwa amekusudia iwe hivyo.

Kokoto

Nimekuwa nasoma kimya. Naomba niharibu sherehe kidogo.

Mimi kazi yangu ya kwanza sikuifanya ujanani. Niliifanya nikiwa mtoto. Kuponda kokoto. Jiwe kubwa chini, nyundo mkononi, unaponda mpaka rundo lifike alama. Tuliketi mstari, wakubwa kwa wadogo.

Tabia iliyobaki ni hii: mtu akipiga nyundo popote, hata fundi anayetundika picha ukutani, nageuza uso na kufumba jicho la kulia. Siwazi, shingo inageuka yenyewe. Vipande vya jiwe huruka, na kila aliyeketi pale alijifunza kugeuka, aliyechelewa kujifunza tulimjua kwa jicho lake. Vumbi tulilolivuta sitaki hata kuliongelea, madaktari wanajua vumbi la mawe hufanya nini kwenye mapafu.

Nasikia mnasema kazi inajenga. Kwa wengine imejenga, sibishi. Lakini Faraday aliruhusiwa kusoma alichokuwa anakifunga. Kokoto haisomeki.

Spana Mkononi (mleta mada)

Kokoto, hujaharibu kitu. Ningeomba usamehe kwa mada yangu kuwa na tabasamu, lakini nadhani unachosema kinahitajika humu kuliko vichekesho vyetu.

Kalamu ya Risasi

Nakubaliana na Kokoto, na hilo la Faraday limenifika.

Tuweke mipaka basi, maana tunachanganya mambo mawili. Shirika la Kazi Duniani lina Mkataba namba 138 wa mwaka 1973. Umri wa kuanza kazi usiwe chini ya ule wa kumaliza elimu ya lazima, na kwa vyovyote usiwe chini ya miaka 15. Nchi ambazo uchumi wake ulikuwa haujakomaa ziliruhusiwa kuanzia 14. Kazi nyepesi, isiyodhuru afya wala kuvuruga masomo, inaweza kuruhusiwa kuanzia 13. Kazi ya hatari, 18. Mwaka 1999 ukaja Mkataba namba 182 juu ya aina mbaya kabisa za kazi za watoto, na huo ulipofika mwaka 2020 ulikuwa umeridhiwa na nchi zote wanachama, jambo ambalo halijawahi kutokea kwa mkataba mwingine wa shirika hilo.

Karatasi si jiwe, najua. Kuridhia ni saini, na watoto wanaoponda hawajaisha. Ila angalau mtu asije akatwambia kushika tochi wakati wa likizo na kuketi kwenye machimbo ni kitu kimoja kwa sababu vyote "vinakomaza".

Kokoto

Ahsante. Hilo tu.

Mwanga wa Jioni

Mimi nafundisha saikolojia, na kuna kitu kinaweza kueleza kwa nini uzi huu umejaa haraka. Watu waliovuka miaka 40 hivi, wakiombwa kusimulia kumbukumbu za maisha yao, huleta nyingi kupita kiasi kutoka umri wa kama miaka 10 hadi 30. Tafiti za namna hiyo zimerudiwa mara nyingi na wingi ule, ambao kwenye mchoro huinuka kama kilima, unaonekana tena na tena. Maelezo yanayotolewa ni zaidi ya moja: kwamba kipindi hicho kina mambo mengi ya kwanza, na ya kwanza hushika, na kwamba ndipo mtu anapojitambua yeye ni nani, kwa hiyo ubongo unayaweka mambo hayo karibu.

Ila mnayoyasimulia humu mengi si kumbukumbu za kusimulia. Ni kumbukumbu za mkono. Hizo ni aina nyingine: unaweza kusahau jina la fundi na sura yake, na mkono bado ukakaza nati kwa namna yake. Shingo ya Kokoto iko huko huko, ndiyo maana haisikii ushauri.

Glasi Kwanza

Kwa hiyo mwalimu unasema hata nikipoteza akili zote nitaanza na glasi?

Mwanga wa Jioni

Siwezi kukuahidi, lakini ujuzi wa mikono mara nyingi hudumu hata majina yakishapotea.

Mama Bobini

Afadhali. Nitawageuzia nguo wauguzi.

Bila Jina Langu

Naongeza moja fupi. Kazi yangu ya kwanza sikulipwa. Tajiri alisema mwisho wa mwezi, mwisho wa mwezi akasema ujao, kisha pakafungwa. Sina mahali pa kudai na sitaji. Tabia iliyobaki: kila kazi naandika kwenye kidaftari nimeingia saa ngapi na nimetoka saa ngapi, hata pale ambapo mashine inanirekodia saa yenyewe. Hakuna aliyewahi kuniomba nikionyeshe. Ninacho tu.

Naanza Jumatatu

Shikamooni wakubwa. Nimesoma wote. Mimi naanza Jumatatu, ghalani, kupanga na kuhamisha mizigo. Ni kazi yangu ya kwanza kabisa. Nimeambiwa nije na viatu vigumu. Mengine hawajasema. Nishaurini.

Droo Wazi

Viatu ukavinunue jioni, si asubuhi. Mguu huvimba kidogo ukishautumia kutwa, ukipima asubuhi utanunua vya kukubana. Na uvae soksi zile zile utakazovaa kazini wakati wa kujaribu.

Zege Halilali

Mzigo usiuinamie kwa mgongo. Chuchumaa, uvute karibu na kifua, inuka kwa mapaja. Ukiwa umeubeba usigeuze kiuno, geuza miguu. Vijana hudhani mgongo ni wa wazee, na siku za kwanza hutaki kuonekana legelege, kwa hiyo utabeba vikubwa. Usibebe vikubwa. Omba mtu.

Tarishi Mstaafu

Marahaba mjukuu wangu. Mzigo ukipokea, hesabu kabla ya kutia saini. Ukitoa, chukua saini. Na wenye ghala wengi hufuata kanuni kwamba kilichoingia kwanza kitoke kwanza, hivyo kipya kinakwenda nyuma. Uliza kama na wao hufanya hivyo, usijipangie.

Bila Jina Langu

Uliza kabla hujaanza: nalipwa kiasi gani, siku gani, na nani anayelipa. Siku za majaribio zinalipwa au hazilipwi. Wakikubali kuandika, chukua nakala. Wasipoandika, wewe andika kwenye kidaftari na tarehe, siku hiyo hiyo.

Naanza Jumatatu

Ahsanteni sana. Wameniambia wanalipa taslimu dirishani, kila Ijumaa, ndani ya bahasha, unasaini kitabu.

Droo Wazi

Basi usisaini bahasha ambayo hujaifungua. Hesabu hapo hapo, juu ya dirisha, aone.

Naanza Jumatatu

Sawa dada. Na nikikuta imepungua?

Droo Wazi

Unamrudishia zote, ahesabu yeye mbele yako. Huondoki dirishani hata nyuma yako wakipiga kelele. Ukishapiga hatua mbili ukarudi, ni neno lako na lake, na lake lina kitabu chenye saini yako.